Fungate ya Mombasa

28 Machi 1993, Jumapili

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na mimi nimesema jambo nililokuwa nimelinyamazia tangu binti yetu Mwanaidi, ambaye sasa yuko shule ya bweni, alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Tulikuwa barazani. Kondo alikuwa amefungua cherehani ya watu na vyuma vyake vimelala juu ya gazeti. Tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kiliposimama mwaka juzi, hiyo ndiyo kazi yake, na wateja hawakosi, maana mitumba yote hii inayoshushwa mjini inahitaji kupunguzwa na kushonwa upya. Mlima ulikuwa umepotea. Wingu lilikuwa limeshuka hadi usawa wa miembe ya Kilakala, na nyuma yake ungeweza kudhani kuna chochote upendacho. Mimi nikadhani kuna bahari.

Nikasema, "Baba Mwanaidi, mwaka huu twende Mombasa."

Hakuinua kichwa. Alipuliza vumbi kwenye gurudumu dogo, akaliweka chini, akasema, "Twende."

Basi. Miaka kumi na sita, na jibu likawa neno moja.

Naandika hapa ili nisije nikasahau ilivyokuwa. Tulifunga ndoa Januari ya mwaka sabini na saba. Fungate yetu ilipangwa Mombasa, na ni Kondo mwenyewe aliyenitajia mji huo tangu wakati wa uchumba. Nauli ilikuwa tayari, gauni la kusafiria lilikuwa limeshonwa. Februari, mpaka na Kenya ukafungwa. Ulipofunguliwa nilikuwa na Mwanaidi, halafu ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na nani angethubutu kutamka habari ya kwenda nchi ya watu kupunga upepo.

30 Machi

Nimeazima ramani kubwa ya Afrika Mashariki kutoka maktaba ya chuo. Kuwa mtunza maktaba kuna faida zake, najiandikia ruhusa mwenyewe.

2 Aprili, Ijumaa

Mvua kutwa. Chuoni wasomaji ni watatu na paa linavuja kwenye rafu za kilimo. Nimehamisha vitabu, kisha nimekaa na karatasi yangu.

Siku saba. Siku tatu za mwanzo ni za mji: Mji wa Kale, vichochoro, milango yenye nakshi, Ngome ya Yesu, soko la viungo. Siku tatu za mwisho ni za pwani ya kusini, ng'ambo ya Likoni, ambako Pendo anasema mchanga ni mweupe hata unaumiza macho. Siku ya nne sijui niipe upande gani. Nimeiacha wazi.

Pendo ni mwenzangu hapa maktaba, mwenyeji wa Mbeya, mdogo wangu kwa miaka kumi. Kila baada ya wiki sita anaomba ruhusa, anapanda basi hadi Tanga, anavuka Horohoro na kurudi na khanga na viatu vya kuuza. Kwake Mombasa ni kama kwangu kwenda sokoni. Nikimuuliza habari za Ngome ananitazama kwa huruma.

"Da Nasra, mimi naijua stendi, Majengo na maduka ya jumla. Hiyo ngome naiona nikiwa na mzigo kichwani."

"Rangi yake?"

Akafikiri. "Kama biskuti iliyochovywa chai."

Nimeliandika hilo pembeni ya karatasi.

6 Aprili

Tumepiga picha za pasipoti. Kondo ametoka kama mtu aliyeambiwa akae kimya.

9 Aprili, Ijumaa Kuu

Chuo kimefungwa. Kondo amekuwa na saa nzima ya mazungumzo, jambo la nadra. Tulitandaza ramani juu ya mkeka, tukaweka kikombe kwenye kona inayojikunja, akawa anafuata barabara kwa bisibisi yake: Chalinze, Segera, Muheza, Tanga.

"Lakini bahari ni ileile," akasema. "Bagamoyo ipo hapa chini. Kwa nini tuivuke nchi kuifuata?"

"Nataka bahari ambayo simjui mtu pembeni yake. Nataka niamke mahali ambapo hakuna anayejua kuwa nina funguo za maktaba."

Akacheka. Kondo akicheka anafunika mdomo kama msichana. Bisibisi ilikuwa imefika Horohoro, ikakaa pale. Nikangoja aivushe. Hakuivusha. Alisema chai imepoa.

Leo mchana nililala kidogo nikaota nimefungua dirisha la chumba cha ghorofani. Chini kulikuwa na kichochoro, na watu walikuwa wakipita wamebeba masinia ya maua, hawana haraka. Nikamwita Kondo aje aone. Alikuwa kitandani amelala na viatu.

14 Aprili

Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa. Mimi ninacho. Kondo hana, alizaliwa Kinole juu huko mwaka arobaini na tisa, nani aliandika? Karani, kijana mpole, alimweleza kuwa hati ya kiapo inatosha: mama yake aape mahakamani kuwa ndiye aliyemzaa, na ataje mahali, mwaka na jina la baba.

"Nitapanda kesho kumwambia," amesema Kondo.

15 Aprili

Mvua. Hakwenda.

17 Aprili

Mvua. Hakwenda. Cherehani tatu zimekuja.

19 Aprili, Jumatatu

Leo jua liliwaka kutwa, mlima ukatoka mzima hadi juu kwenye msitu, umeoshwa. Nikamwambia leo ndiyo siku. Akasema barabara itakuwa bado tope.

Nilijiuliza: ni uvivu? Kondo si mvivu. Nimeishi na mikono yake miaka kumi na sita, haijui kulala.

21 Aprili

Nimeandika barua kwa nyumba ya wageni ambayo Pendo aliwahi kulala, ipo karibu na Mji wa Kale. Nimeomba chumba chenye dirisha linalotazama nje. Baada ya kuifunga bahasha nilijiona mjinga. Kila dirisha hutazama nje.

24 Aprili, Jumamosi

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua ndizi. Nikapita njia ya nyuma, ile ya mafundi viatu, kukwepa madimbwi. Nikamwona Kondo. Aliniaga akisema anakwenda Mzinga kumtazamia mtu mashine. Alikuwa amesimama chini ya turubai na Pendo. Wanazungumza karibu karibu, kama watu wanaoogopa kusikiwa. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akampa. Pendo akaitia kwenye pochi yake, akamgusa mkono hapa kwenye kiwiko. Kondo akafuta uso kwa kiganja.

Nilirudi bila ndizi.

Jioni nikamuuliza Mzinga kumekuwaje. "Mbali," akasema. "Tope tupu."

25 Aprili

Leo sikuigusa karatasi ya safari.

27 Aprili, Jumanne

Pendo ameomba ruhusa. Anaondoka kesho Mombasa. Amekuja mezani kwangu kuniaga. Aliniangalia sana, akasema, "Da Nasra, una nini? Umepungua." Nikasema ni masika, huwa yananipunguza. Nilitamani kumwambia afungue pochi.

Pendo ana sauti nzuri na meno mazuri. Sijawahi kuyaona kwa jicho hili.

29 Aprili

Mvua. Mvua. Mto umebadilika rangi, unapita na migomba mizima.

1 Mei, Jumamosi

Sikukuu ya wafanyakazi. Kondo aliangalia maandamano yakipita, akasema mwaka juzi walikuwa na bango lao la kiwanda. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba wiki ijayo atapanda Kinole.

Niliendelea kuchambua mchele. Nimeamua kupanda mwenyewe.

2 Mei, Jumapili

Nimerudi sasa hivi, miguu imevimba, lakini haya lazima niyaandike kabla sijalala nayo.

Nilimwambia Kondo naenda kumtazama mama. Akasimama na bisibisi mkononi, akaonekana kutaka kusema kitu, kisha akaniletea mwavuli.

Gari ya barabara ya Matombo iliniacha njia panda, maana hapakuwa na cha kupanda mlimani kwa tope lile. Nilivua viatu. Ni mwendo wa kupanda tu, migomba huku, mananasi huku, na harufu ya mdalasini iliyolowa ambayo naipenda kuliko manukato yoyote. Ukungu ulikuwa unapita kati ya mifenesi. Nilikuwa naona hatua kumi mbele, siyo zaidi. Kwa kitambo nilisahau kilichonipeleka. Niliwaza kwamba hapa ndipo mume wangu alipokimbia pekupeku, na mimi nimekuja mara ngapi, nikikaa saa mbili na kutazama saa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, alikuwa jikoni anaanika iliki juu ya moto. Ni mwanamke mfupi, mwenye lafudhi ile ya mlimani inayoyavuta maneno mwishoni kama anayeyashusha taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja peke yako na mvua hii. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tunataka kusafiri. Kondo anahitaji uje mjini umwapie mahakamani kuwa ulimzaa."

"Kusafiri kwenda wapi?"

"Mombasa."

Mkono wake ulisimama juu ya iliki. Nilidhani amejiunguza. Kisha ukaendelea, punje moja moja.

"Kondo ndiye amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Mimi nilisema. Yeye alikubali."

"Aha." Akamimina chai, akanipa kikombe. "Basi hajakwambia."

Miaka yote nilijua kwamba baba yake Kondo, Mzee Salum, alifariki Kondo akiwa mdogo. Ndivyo nilivyoambiwa siku ya posa, na ndivyo nilivyomwambia Mwanaidi. Bi Mwajuma alinieleza nikiwa nimeshika kikombe hadi kikapoa.

Salum hakufa, au kama amekufa, yeye hajaletewa habari. Mwaka hamsini na tano alishuka mlima akasema anakwenda Mombasa bandarini, msimu mmoja tu, arudi na mabati. Kondo alikuwa na miaka sita, akamsindikiza hadi mtoni. Barua zilikuja mbili. Ya kwanza ilisema kazi ipo. Ya pili ilisema ameoa huko.

"Mimi sikujua kusoma. Nilisomewa na mwalimu. Alipofika hapo akanitazama, akauliza arudie? Nikamwambia usirudie."

"Barua iko wapi, mama?"

"Niliifungia pilipili manga, nikaipeleka sokoni. Ikanunuliwa." Alisema hivyo bila uchungu na bila kicheko. "Bahasha ya ile ya kwanza Kondo aliniomba aichezee. Ilikuwa na stempu ya rangi. Sijui aliipeleka wapi."

Nikamuuliza kwa nini mtoto alilelewa akisema baba amekufa. Akasema hakulelewa hivyo. Alilelewa akijua baba yake yuko Mombasa. Watoto wenzake wakimuuliza alikuwa anasema, "Yuko Mombasa," kwa kujivuna, hadi alipofika miaka kumi na mbili. Siku moja mtu akacheka. Tangu siku hiyo akaanza kusema amekufa, na mama akamwacha.

"Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama," akasema. "Wajomba zake walimlea, shamba alipata, hakupungukiwa. Hilo nimemwambia mara mia. Lakini mtoto ana mahali pake pa kupungukiwa ambapo mama hafiki."

Nilipoaga, alinifungia mdalasini kwenye jani, akanishika mkono.

"Nendeni. Mji haukumkosea mtu. Na mimi nitakuja kuapa. Ila msinibebee salamu kwa Salum."

3 Mei, Jumatatu

Sikwenda kazini. Nilimpikia chai, nikaiweka kati yetu barazani, nikasema, "Mama ameniambia."

Alifunga cherehani aliyokuwa akiitengeneza, akaifunika kwa kitambaa vizuri, pembe zote nne. Kisha akakaa chini sakafuni, mahali ambapo hakai kamwe.

Nikamuuliza kuhusu bahasha aliyompa Pendo. Akashtuka kuwa niliona. Ilikuwa barua kwa baba yake. Anwani aliitoa kwenye ile bahasha ya mwaka hamsini na tano, duka fulani la Majengo ambako wafanyakazi wa bandari walikuwa wakipokelea barua zao. Anayo hadi leo. Imo kwenye kopo la misumari, nimelisogeza kopo hilo mara ngapi nikifagia.

"Ulidhani nini?" akaniuliza.

"Nilidhani anavyodhani mke yeyote."

Akatikisa kichwa. Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa, na tukalazimika kusogeleana ili tusikiane juu ya mabati.

Nikasema, "Lakini wewe ndiye ulinitajia Mombasa. Kabla hata hujaleta posa. Uliniambia, nitakupeleka Mombasa. Kama ulikuwa unaogopa, kwa nini uliutaja?"

"Nilikuwa nataka kukuahidi mbali. Na lilikuwa jina la mbali pekee nililolijua." Akatazama mikono yake. "Nikaona umefurahi, nikashindwa kulirudisha. Harusi ikapita. Kadiri siku ya safari ilivyosogea nilikuwa sipati usingizi. Nawaza, tunashuka kwenye gari, tunapita mtaani, ninapishana na mzee ana uso wangu. Ananitazama halafu anaendelea na safari yake. Hilo ndilo nililoliogopa, Nasra. Sikuogopa kumkosa. Niliogopa anione na apite."

Kondo akasogea zaidi, maana mvua ilikuwa imezidi.

"Siku ile mpaka ulipofungwa nilikuwa kiwandani. Wenzangu wengi walikuwa na ndugu huko, walilalamika sana. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa juu ya magunia. Nilishukuru. Namwomba Mungu anisamehe, nilimshukuru yeye. Halafu nikarudi nyumbani nikakukuta unalia."

Nakumbuka siku hiyo. Nakumbuka alivyonibembeleza. Alinipikia uji, akanikunjia lile gauni la kusafiria mwenyewe na kuliweka chini kabisa ya sanduku, akaniambia, "Siku yake itafika." Kwa miaka kumi na sita, kila tulipogombana, niliitoa siku hiyo na kuitazama, nikasema mwanamume huyu alihuzunika na mimi. Ndiyo iliyokuwa fungate yangu, huzuni ile ya watu wawili. Leo nimeambiwa nilikuwa peke yangu.

Nilisimama nikaingia ndani. Hakunifuata. Aliendelea kukaa pale sakafuni hadi mvua ilipokatika.

4 Mei

Ramani nimeirudisha maktaba.

6 Mei

Tunasalimiana. Tunapishana na ndoo.

9 Mei, Jumapili

Wingu limekaa juu ya nyumba siku ya tatu. Nguo haikauki hata moja. Nimelala mchana nikajaribu kurudi kwenye kile chumba cha dirisha, sikukipata. Nilizunguka vichochoro, kila mlango una nakshi na kila mlango umefungwa kwa ndani.

12 Mei

Jambo la ajabu. Nikiwa napanga kadi za vitabu, ghafla nilimwona mtoto wa miaka sita mtoni Kinole, akimtazama mtu anavuka mawe. Sikuwa nimemfikiria. Alikuja tu, na kaptura yake. Nikashindwa kuendelea na herufi M.

Nimemkasirikia mtu mzima. Yule mtoto sina neno naye.

15 Mei, Jumamosi

Pendo amerudi. Amekuja nyumbani moja kwa moja na mizigo, hajapita kwake. Alipoona nimekaa na Kondo akasita mlangoni.

"Sema tu, shemeji," Kondo akamwambia. "Anajua."

Pendo akatoa bahasha. Ilikuwa ileile, haijafunguliwa, imelowa pembe moja.

"Duka halipo, shemeji. Pamejengwa ghorofa. Nimeuliza kwa wazee wa mtaa watatu. Mmoja alisema Waluguru walikuwepo zamani, walikuwa na chumba chao cha kupanga, wanapika pamoja. Wengine walirudi kwao. Wengine wamezikwa pale. Jina hakulikumbuka."

Kondo aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Pendo akanigeukia. "Da Nasra, nisamehe. Aliniomba nisikwambie mpaka apate jibu. Alisema hataki akuharibie siku zako saba."

Nilimwomba radhi moyoni kwa habari ya meno yake. Nikampikia wali na samaki wa kukaanga, akala, akatuambia bei za viatu.

Alipoondoka Kondo alikaa na bahasha magotini. Nikangoja aichane. Hakuichana. Akasema, "Sasa sina wa kumwogopa mtaa fulani. Yuko kila mtaa, au hayuko."

"Unataka tuache?"

Akaigeuza bahasha upande wa pili. Vyura walikuwa wanapiga kelele huko bondeni.

"Sitaki kumtafuta. Nikienda kwa kumtafuta, sitaona hiyo ngome wala huo mchanga. Nitaona nyuso tu. Nataka twende kama ulivyosema, kutembea. Kama utakubali kwenda na mimi."

Ndiyo mara ya kwanza ameniomba safari hii. Miaka yote aliyeitamani nilikuwa mimi.

Nilikusanya sahani. Nilimwambia anipe hadi kesho.

16 Mei

Nimemjibu ndiyo. Nilimwambia pia kwamba ile huzuni ya sabini na saba sitaisahau upesi. Akasema hataki niisahau.

20 Mei, Alhamisi

Mahakamani. Bi Mwajuma ameshuka kutoka mlimani na khanga mpya, amelala kwetu, amekataa kitanda.

Hakimu alikuwa mwanamke, mtaratibu. Akamuuliza, "Mama, huyu ni nani wako?"

"Mwanangu. Nilimzaa mimi."

"Wapi?"

"Kinole. Nyumbani kwa mama yangu. Mvua ilikuwa inanyesha."

Karani akatabasamu, akasema hiyo haiandikwi. Hakimu akauliza jina la baba.

Kondo aliinamisha kichwa. Bi Mwajuma alinyoosha mgongo, na kwa ile sauti yake inayoshusha maneno taratibu akasema, "Salum bin Kibwana. Mtu mrefu. Alikuwa na mkono mzuri wa kupanda mpunga."

"Yu hai?"

"Andika hivyo tu, mwanangu. Salum bin Kibwana."

Karani akaandika. Bi Mwajuma akatia kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza chini ya karatasi, kisha akakaa anakitazama kidole chake kile cha buluu. Nje mlangoni Kondo alitaka kumfuta kwa leso. Akakataa. Alikwenda nacho hivyo hadi kwenye gari ya Matombo, amekishika juu kidogo ili kisichafue khanga.

Nimewatazama wote wawili leo kana kwamba sijawahi kuwaona. Nilidhani mume wangu ni mtu mkimya kwa tabia. Kumbe alikuwa amebeba kitu kinachomwagika ukizungumza.

21 Mei

Nimeiazima tena ramani.

27 Mei

Mvua zinapungua. Zinakuja alfajiri, zinaondoka kama mgeni mwenye adabu. Nyumba ya wageni imejibu: chumba kipo, dirisha lipo. Kondo anasoma barua hiyo mara mbili mbili. Ananiuliza maswali ambayo ningependa angeniuliza mwaka sabini na saba. Ngome ilijengwa na nani? Hapo ng'ambo kuna nazi za kuanguka, tukae mbali na minazi? Siku ya nne tunafanya nini?

Nikamwambia siku ya nne nimeiacha wazi.

"Iache," akasema.

1 Juni, Jumanne

Idd. Tumekula pilau ya mdalasini wa mama. Pasipoti zilitoka Ijumaa, mbili, zina harufu ya gundi. Nimezitazama hadi Kondo akaniambia zitachujuka.

5 Juni

Mlima umefunguka. Asubuhi nilihesabu maporomoko ya maji matatu kwa mbali, nyuzi nyeupe kwenye kijani. Nimefua kila kitu, na kila kitu kimekauka.

7 Juni

Kesho. Nina gauni jipya, la mtumba, limepunguzwa na Kondo mwenyewe kwa cherehani ya mteja.

9 Juni, Jumatano

Naandika kwenye benchi, upande wa Kenya, basi likikaguliwa. Daftari liko magotini na mwandiko ni mbaya.

Jana tulilala Tanga. Leo asubuhi barabara ya kwenda mpakani ilikuwa mashimo na mabaki ya masika. Kondo alikaa dirishani. Kila kijiji alikuwa anauliza jina lake, kama anayejifunza. Horohoro wakatugongea mihuri ya kutoka bila maneno mengi. Tukavuka kwa miguu. Ni hatua chache tu, mchanga huohuo, mbuzi haohao, na mimi nilihisi kama nimeingia kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Dirishani upande wa pili alikuwapo afisa mmoja, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akachukua pasipoti yangu, akagonga. Akachukua ya Kondo. Akaitazama, akamtazama.

"Mwaenda wapi?"

"Mombasa."

"Kufanya nini?"

"Kutembea," akasema Kondo.

"Kutembea tu? Hakuna biashara?"

"Hakuna. Siku saba. Mjini halafu pwani. Mke wangu amepanga."

Afisa akanitazama kidogo, akarudi kwenye karatasi. Aliuliza kama wanavyomuuliza kila mtu, muhuri tayari mkononi.

"Mko na jamaa Mombasa?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme hatuna, ili tupite, ili asiulizwe zaidi. Nyuma yetu foleni ilikuwa inasukumana. Kondo aliweka kiganja juu ya ubao wa dirisha, akaniona, akatikisa kichwa taratibu.

"Nina baba," akasema. "Sijui kama yu hai. Lakini tumekuja kutembea."

Yule afisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akagonga muhuri, kwa uangalifu, ukakaa katikati ya ukurasa.

"Karibuni," akasema. "Basi lenu liko kule kwenye kivuli."